Medali Shingoni mwa Bwana Mansuetus

Wageni wanaofika Mbamba Bay husimama mbele ya chanja zetu za kuanikia usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, wakavuta pumzi na kusema pazuri hapa. Labda pua zao ni za kuazima. Usipa ukianikwa unanuka mpaka kwenye foronya, na kazi yenyewe si kuuanika, ni kuulinda. Kunguru hutua kwa makundi, mwewe hushuka peke yake, na mwenye chanja akisinzia kidogo anarudi nyumbani na magamba. Kwa hiyo kila familia ya ufukweni ina mtu wake wa kufukuza ndege. Familia ya shemeji yangu Aidan ilikuwa na Notburga.

Mimi ni Tadea, mdogo wa Rosina, mama yake Notburga. Naeleza habari za mtoto wa dada yangu kwa sababu zimeelezwa vibaya na watu wengi, wengine wakiwa wamevaa tai. Na niseme mapema: hasira yangu haijaisha wala siitafutii dawa.

Watoto wengine walifukuza ndege kwa mawe na kelele. Notburga alikuwa akiinama anachambua usipa, macho yote mchangani, wala hakujisumbua kutazama juu. Kivuli cha mwewe kikipita tu mchangani, alikuwa ameshafyatuka. Mwewe anakunjua kucha, msichana yuko pale pale kwenye chanja, kanga imefungwa kiunoni, anamtolea macho. Ndege wakawa wanakwenda kuiba kwa majirani, na majirani wakawa wanatununia.

Mwalimu Kilian wa shule ya msingi alimwona siku moja alipokuja kununua kitoweo. Akasahau kitoweo. Tangu hapo alikuwa akimkimbiza Notburga jioni kwenye mchanga mgumu karibu na maji, kwa filimbi, maana shule haikuwa na bastola ya kuanzishia mbio wala vyuma vya kuegemeza miguu. Alimshindanisha na wavulana, akawashinda. Akampeleka Mbinga, akashinda. Akampeleka Songea, akashinda tena, peku, huku wenzake wakilalamika kwamba kiwanja kina changarawe.

Lakini Notburga hakuwa na shauku ya mbio. Alitaka shule. Alimaliza darasa la saba na kufaulu vizuri, ila nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache, zikachukuliwa na wengine, yeye akabaki na chanja. Usiniulize alikuwa analiaje. Alikuwa analia akichambua usipa, kimya, bila kupumzisha mikono.

Ilikuwa ile miaka ya mambo kufunguliwa. Soko huria, vyama vingi, magazeti ya kila rangi, mitumba hadi vijijini. Mimi mwenyewe nilianza kuvuka ziwa kwa meli kwenda Nkhata Bay, Malawi, kununua vitenge, narudi kuviuza kwetu, na sikuona kosa. Ila kuna watu ambao kufunguliwa kwa milango kulifungua na matumbo yao.

Mmoja wao ni Bwana Mansuetus. Ni Mmatengo wa milimani, Mbinga, aliyekuwa karani wa kupima kahawa. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa, karani akawa mnunuzi, mnunuzi akawa na gari, mwenye gari akawa mwenyekiti wa kila kamati iliyokuwa na safari ndani yake. Sina ugomvi na Wamatengo. Watu wanaochimba ngoro, yale mashimo yao ya kulimia, mlimani na jembe la mkono siwezi kuwadharau. Mansuetus alikuwa hajashika jembe siku nyingi, na sisi wa ziwani alituita wala usipa, akicheka, kana kwamba yeye hutafuna dhahabu.

Mwaka ule wenzetu wa Malawi waliandaa mashindano ya kimataifa ya riadha ya vijana mjini Mzuzu, wakazialika nchi jirani. Nauli ya kutoka Dar es Salaam ikakosekana, kwa hiyo mikoa ya kusini ikaambiwa, nyinyi mko karibu na ziwa, pelekeni vijana wenu wawe Tanzania. Hivyo ndivyo Notburga alivyokuwa Tanzania. Na kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Shule moja ya bweni ya wasichana, ya mbali huko kaskazini, iliahidi kumsomesha bure hadi kidato cha nne msichana yeyote wa timu yetu atakayerudi na medali ya mbio fupi. Mwalimu Kilian alipoleta habari hiyo pale kwenye chanja, Notburga akanawa mikono kwa mchanga na maji, akamwambia, "Mwalimu, twende tukafanye mazoezi."

Mkuu wa msafara, bila shaka, Bwana Mansuetus. Mwalimu Kilian aliachwa, eti nafasi zimejaa. Nilisafiri meli ile ile kwa biashara zangu na kwa ajili ya kumwona mwanangu, nikaona zilivyojaa. Wanariadha wenyewe walikuwa wachache. Wengine ndani ya zile suti za michezo za bluu walikuwa shemeji za wakubwa, wenye matumbo na mifuko mitupu ya kwenda kujazwa vitenge na sabuni. Mama mmoja mnene, aliyesemekana ni mrusha mkuki, alitapika tangu tulipong'oa nanga hadi Nkhata Bay. Na kulikuwa na Jacqueline, mpwa wa Mansuetus, mtoto wa dada yake, aliyelelewa Songea. Msichana mzuri wa sura, kucha ndefu, amepangwa mbio za mita mia moja pamoja na Notburga. Nilimwuliza amewahi kukimbia wapi. Akanijibu, "Mjomba ndiye anajua."

Nilifika uwanjani Mzuzu asubuhi na furushi langu, nikatafuta mahali karibu na mstari wa kuanzia. Jua lilikuwa limetoka lakini baridi ya kule inauma. Wasichana walikuja wamejipanga, wa Zambia, wa Msumbiji, wenyeji, na wa kwetu wawili. Sikuwa najua nambari za kifuani zinahusu nini. Nilichoona ni kwamba Notburga hakuniangalia, na si kawaida yake.

Baadaye ndipo nilipojua. Kule chumba cha kubadilishia nguo, Mansuetus aliwaamuru wasichana wabadilishane nambari. Notburga avae ya Jacqueline, Jacqueline avae ya Notburga. Akamwambia, "Nambari ni karatasi tu, binti. Sote ni Tanzania." Mtoto aliyefundishwa kupiga magoti akisalimia wakubwa angemjibu nini? Akachukua pini akajibandika. Maana yake ni kwamba angeshinda Notburga, lakini ingeandikwa Jacqueline, na Jacqueline ndiye angekwenda shule ya bure ambayo mjomba wake aliweza kumlipia hata akiwa usingizini. Ndicho kinachonitia kinyaa hadi leo. Aliyeshiba alinyang'anya sahani ya mwenye njaa, tena kwa tabasamu.

Mwanzishaji wa mbio alikuwa mzee wa Kimalawi, mwembamba, kofia nyeupe, bastola mkononi. Wasichana wakapiga magoti, vidole kwenye mstari, macho chini. Mzee akainua mkono. Jua lilikuwa mgongoni kwake, na kivuli cha mkono ule kikapita juu ya mistari mbele ya vidole vyao.

Notburga akafyatuka. Bastola ilikuwa haijalia.

Mimi nilielewa papo hapo, nikashika kichwa. Mtu mwingine yeyote angedhani ni kiherehere. Yule alikuwa ameona mwewe. Na mkuu wa msafara, aliyekuwa na wiki nzima ya kuwazoesha watoto bastola, wiki hiyo aliitumia kutafuta bei ya vitenge.

Kosa la kwanza husamehewa, la pili unatolewa. Mzee akamwendea amwonye. Akamwambia kwa Kiingereza, Notburga akabaki anamtazama. Akajaribu tena, safari hii kwa lugha yao ya nyumbani, na hapo uso wa mtoto ukafunguka, kwa sababu lugha yao ndiyo Kinyasa chetu. Ni watu wale wale, ziwa tu limepita katikati.

"Jacqueline, mwanangu," mzee akasema, "mbona unakimbia kabla sijakuruhusu?"

"Nisamehe baba, nimekiona kivuli," akajibu. Kisha akavuta pumzi, na akasema kwa sauti ambayo sisi wote wa upande ule tuliisikia, "Na mimi si Jacqueline. Jina langu ni Notburga. Nambari hii nimevalishwa."

Jukwaa zima la upande wetu likaanza kunong'ona. Mansuetus akaja mbio, ameshika tai isimpige usoni. Yeye anajua Kimatengo, Kiswahili na Kiingereza cha kuombea mikopo. Kinyasa cha wala usipa hakijui hata salamu.

"Unawaambia nini hawa?" akamkaripia kwa Kiswahili.

"Nawaambia jina langu."

Hakuona hata haya. Akacheka, akamgeukia mzee, akamwaga Kiingereza, huku akimpigapiga Notburga begani kama mtu anayetuliza mbuzi wa mnadani. Niliambiwa na aliyeketi kando yangu anachosema: huyu ni mtoto wa kijijini, umati umemtisha, anachanganya mambo. Mzee hakuridhika. Akamwita yule mwingine, Jacqueline mwenyewe, aliyekuwa amesimama na nambari ya Notburga kifuani. Akamwuliza jina lake. Jacqueline akamtazama mjomba wake, akatazama viatu vyake vipya vya njumu, akasema, "Notburga."

Nikasimama na furushi langu nikapiga ukelele, "Mwongo! Mimi ni mama yake mdogo, mtoto ninamjua tangu anazaliwa!" Askari wa mlangoni akanishika mkono, akaniuliza beji yangu iko wapi. Vitenge nilikuwa navyo, beji sikuwa nayo. Nikakalishwa chini.

Mzee akaishusha bastola yake. Halafu akamwambia Notburga taratibu, kwa Kinyasa, "Mwanangu, majina mimi naletewa na wakubwa wenu. Neno la mkuu wa msafara ndilo linaloandikwa. Unakimbia au unatoka?"

Nilimwomba Mungu mtoto atoke. Awaachie karatasi yao, aje tukanywe chai. Notburga akawatazama wote, mzee, Mansuetus, yule msichana mwenye jina lake. Akapiga magoti kwenye mstari. Usiku ule nilimwuliza kwa nini. Akaniambia, "Jina wangeandika wanalotaka, mama mdogo. Nilitaka watu waone ni nani anayekimbia."

Safari hii alifumba macho, asikione kivuli. Bastola ikalia, na kwa sababu alikuwa amefumba macho aliondoka wa mwisho. Watu waliokuwa wamesikia maneno yake wakasimama. "Thamanga!" wakapiga kelele, maana yake kimbia. "Thamanga, iwe!" Yaani kimbia, wewe! Jukwaa lote, watu ambao hawamjui, wanamwambia mtoto wa dada yangu kimbia. Akampita wa Msumbiji, akawapita wenyeji wawili, na karibu na utepe akampita yule mrefu wa Zambia kwa kifua. Jacqueline alifika baadaye anatembea, ameshika ubavu.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kulikuwa na kuvishwa medali.

Wakatangaza: wa kwanza, Jacqueline, Tanzania. Wa Zambia akapanda ngazi ya pili, wa Malawi ya tatu. Ngazi ya kati ikawa tupu. Notburga alikuwa kwenye nyasi. Akabandua nambari, akatoa pini moja moja, akaikunja, akamkabidhi mwenyewe. "Hii yako," akamwambia. "Panda." Jacqueline akapiga hatua mbili, na jukwaa likazomea mpaka nikahisi benchi linatikisika. Akarudi nyuma, akaanza kulia na kucha zake usoni.

Tangazo likarudiwa. Hapo ndipo Bwana Mansuetus alipofunga kifungo cha koti, akavuka nyasi na viatu vyake vya kung'aa, akapanda ngazi ya kati ya jukwaa la washindi wa mbio za wasichana. Mwanaume mzima, tumbo mbele, wasichana wawili waliolowa jasho huku na huku. Akainamisha shingo. Mama wa watu aliyebeba sinia ya medali akasita, akatazama nyuma kuuliza, hakuna aliyemjibu, akamvisha. Utepe ukakaa juu ya tai. Na yule mtu akapunga mkono!

Wimbo wa taifa ukapigwa. Nilisimama, kwa sababu wimbo haukuwa na kosa. Ila mate yalinijaa mdomoni, na ulipokwisha nikayatema pale pale kwenye saruji ya watu, askari akinitazama.

Safari ya kurudi Mansuetus alikaa juu mbele ya meli, medali shingoni, anawasimulia abiria mbinu za kufundisha wakimbiaji. Mbinga wakampokea kwa ngoma. Redioni likasomwa jina la Jacqueline, na pale Mbamba Bay watu wetu wenyewe, waliomjua Notburga na chanja yake, wakaanza kusema labda hakushinda, labda aliondoka kabla ya bastola akatolewa, si unajua watoto wa siku hizi. Walikula chumvi yetu, na bado walisema. Sijui nani ananichefua zaidi, mwizi au anayemsafishia mwizi njia.

Mwezi wa kumi na mbili gari la Mansuetus likateremka hadi nyumbani kwa Aidan. Akakaribishwa kiti, akapewa ugali na samaki mbichi wa kukaanga, akala vizuri, mla usipa mkubwa. Nilikuwepo. Alipomaliza kunawa akasema shida yake. Ile shule ya kaskazini imeleta ujumbe: msichana wa medali aje na viatu vyake vya njumu, siku ya kuripoti mwalimu wa michezo atamtazama akikimbia. Jacqueline hawezi. Jacqueline akikimbia pale, mjomba wake anaumbuka mbele ya watu, na mwaka unaofuata anataka udiwani.

"Kwa hiyo," akasema, "nimeona tumpeleke Notburga. Ada hakuna, nauli natoa mimi. Atakachofanya ni kuitikia tu Jacqueline."

Nilicheka, kicheko kibaya. Nikamwambia kula yako nimeiona, sasa simama uende. Shemeji Aidan akaninyamazisha kwa mkono. Rosina, dada yangu, alikuwa ameinamisha kichwa. Aidan akasema polepole, "Shule ni shule, Tadea. Jina ni la kuitiwa chakula."

Notburga alikuwa mlangoni. Nikamfuata nje.

"Mwanangu, ulikataa kupanda ngazi ile mbele ya umati wa watu wa nchi za watu. Leo upande hii?"

"Pale jukwaani kulikuwa na medali tu, mama mdogo," akasema. "Hii ni shule. Niliikimbilia mimi." Akajifuta macho kwa upande wa mkono, ule usio na magamba. "Nikimaliza nitawarudishia jina lao."

Nilimchukia Mansuetus, na bado sikuwa na shule nyingine ya kumpa mtoto.

Akaenda. Akakimbia, wakamshangilia, akasoma, akafaulu. Vyeti vikaja vimeandikwa Jacqueline, na ubini wa ukoo wa watu wengine. Chuo cha ualimu kinataka vyeti, kikamwita Jacqueline. Serikali ikamwajiri Jacqueline, ikampanga mbali, nami sikumwona miaka. Mansuetus alipata udiwani. Jacqueline wa kwanza anauza vipodozi Songea kwa jina lile lile, na hakuna aliyewahi kumwuliza chochote.

Mwaka jana nilipandisha usipa mnadani Kingerikiti, nikasikia kwamba shule ya pale imeletewa mwalimu mpya wa kike, mwembamba, mkali kwa hesabu. Nikajua ni yeye. Nikaacha mzigo kwa mwenzangu, nikaenda. Ilikuwa saa ya mapumziko. Alikuwa amesimama uwanjani kanipa mgongo, chaki mkononi, mabega yale yale.

"Notburga!" nikaita.

Hakugeuka. Nikadhani ni upepo, nikasogea. "Notburga! We Notburga!" Watoto wakaanza kunitazama na kucheka. Msichana mmoja mwenye adabu akaja akapiga goti, "Shikamoo bibi. Hapa hatuna mwalimu wa jina hilo."

Nilisimama pale na harufu ya usipa kwenye kanga yangu, kinywa kimekuwa kichungu kama nimetafuna mwarobaini. Kisha nikaita lile jina jingine, kwa sauti ya kawaida tu, wala sikulipigia kelele.

Akageuka mara moja.